Shabu ya Kutilia Maua

Vijana wa kitaluni, asalam alaykum.

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, nami nikacheka kimoyomoyo, maana mtu aliyekwisha kustaafu saa ya nini? Lakini mmoja wenu akaninong'oneza, "Bi. Mize, tuandikie basi, usituachie hivi hivi." Hilo nililipokea kwa moyo mmoja, na hapa ninalitimiza. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alinuna hamtazipata kwangu. Hizo zimo makabatini ofisini, ikiwa panya wamezibakisha. Mimi nitaandika habari za udongo, za mkasi, na za bibi mmoja wa Malindi ya hapa Mji Mkongwe aliyeapa mbele za watu kwa ajili ya ua.

Nilikuja mjini kutoka Makunduchi nikiwa mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Nilichokuwa nakijua ni muhogo, kunde na mwani. Siku ya kwanza ya kazi ya kutunza bustani za watu nilipelekwa nyumba moja ya Shangani na Bwana Kombo, msimamizi wetu wa wakati huo, mzee mfupi mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani. Akanionesha kitalu kidogo uani, akaniambia, "Palilia hapo," kisha akaenda zake kusali. Nami nikapalilia. Mtu wa shamba anajua kupalilia: kisicholiwa kinang'oka. Aliporudi alikuta nimemaliza, udongo umetakata, na lundo la majani liko mlangoni linasubiri kutupwa.

Akalitazama lile lundo. Akanitazama mimi.

"Mize, majani haya yalinunuliwa."

"Majani?"

"Yalinunuliwa. Yamekuja kwa ndege."

Kwetu majani tunapigana nayo. Mjini kumbe wanayapandisha ndege. Bwana Kombo hakunigombeza. Tulipiga magoti sote wawili tukayarudishia moja moja, na mwenye nyumba alipotoka aliambiwa kwamba mizizi ilikuwa ikipewa hewa. Akashukuru sana. Tuliporudi njiani ndipo mzee akanipa somo ambalo nimekuwa nikiwapa nyinyi, ingawa wengi wenu mlidhani ni langu.

"Shambani unautazama mmea," alisema. "Bustani ya nyumbani mmea unautazama kwa jicho moja. Jicho la pili liweke kwa mwenye nyumba. Mmea unataka maji na jua, basi. Mwenye nyumba ana mashoga, ana wakwe, ana ya moyoni. Msome kwanza yeye."

Nililishika nusu yake. Nusu ya pili ilinichukua miaka kuielewa, na mtaona niliielewa kwa aibu gani.

Zana zetu zilikuwa chache. Nyinyi leo mna mikasi yenye mishikio ya mpira na glavu za maua maua. Mimi nilikuwa na mwiko wa muashi uliovunjika ncha, kisu cha jikoni, na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kitako kwa msumari. Kopo hilo ninalo mpaka leo. Msilicheke. Mpira wa maji unachimba udongo na kuacha mizizi uchi, lakini kopo linanyesha. Mche mchanga hautofautishi kopo na mvua, na sisi hatukuwahi kuuambia.

Jambo la kwanza la kujua juu ya bustani za Mji Mkongwe ni kwamba mji wenyewe umejengwa kwa mawe na chokaa, na chokaa haikai ukutani ilikopakwa. Inashuka na mvua, inapukutika na upepo, inaingia udongoni. Bwana Kombo alikuwa akisema kila ua la mjini linakula nyumba. Asumini haijali. Mrehani haujali. Mlangilangi utaota hata juu ya kifusi. Lakini iko mimea inayotaka udongo mchachu, na hiyo ukiipanda uani bila hila itakufia mkononi au itakutia aibu.

Mmojawapo ni haidrenjia. Bwana Kombo aliwahi kufanya kazi Lushoto ujanani, na alinisimulia ua la huko, kichwa kizito kama kabichi, lenye tabia ya kubadilika rangi. Kwenye udongo mchachu linakuwa buluu. Kwenye chokaa linakuwa rangi ya waridi. "Na likishakuwa hivyo nawe unataka buluu," alisema, "lipe shabu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Vijana, najua baadhi yenu shabu mnaiona kwa kinyozi tu, lile jiwe jeupe linalong'aa analokusugua nalo kidevuni akikukata. Wazee walikuwa wakiitia kwenye maji ya kisima yapate kutulia. Kazi yake ya tatu ni ya chumbani, siiandiki. Aliyeolewa anaijua, na asiyeolewa amuulize somo yake atakayemfunda. Nitasema tu kwamba mwanamke akionekana dukani ananunua shabu, wenziwe hawamuulizi habari za kisima.

Miaka ikapita. Bwana Kombo akafariki, Mungu amrehemu. Mume wangu naye akatangulia. Binti yangu Rukia akaolewa Jang'ombe, na mimi nikawa ndiye ninayewaonesha wengine pa kupalilia. Ndipo ikaja kesi ya Bi. Ramla.

Bi. Ramla alikuwa na nyumba Malindi, ya ghorofa, yenye ua mpana wa ndani na kisima kilichofunikwa. Alikuwa mjane, mwenye sauti, na kila Ijumaa baada ya Alasiri mashoga zake walikuja kwa kahawa na maneno, maneno yakiwa mengi kuliko kahawa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Asya. Huyo Asya alikwenda bara kusoma, akarudi na shahada na mchumba. Mchumba alikuwa Athumani, Msambaa, mkulima wa mboga huko Lushoto. Mama mtu hakupenda. Ndoa ilifungwa, alihudhuria, alikula pilau, lakini uso aliuacha nyumbani.

Athumani alikuwa na adabu. Baada ya harusi alimletea mkwewe zawadi: haidrenjia ndani ya ndoo ya mafuta ya kupikia, imefungwa gunia bichi, imesafiri kwa basi na boti bila kuvunjika tawi. Ilikuwa imechanua vichwa vitatu, buluu ya kanga mpya. Nilipoiona nilimkumbuka Bwana Kombo. Bi. Ramla alishindwa na jina lake akaliita "Idrinja", kama mwari aliyeletwa kufundwa, na mashoga wote wakaitwa kuja kulitazama. Alianza hata kusema, "Mtu anayeotesha kitu kama hiki hawezi kuwa na roho mbaya." Mimi nilikuwa nikija pale kwa kazi ya uani, na nilimpenda Asya tangu akiwa msichana wa kunibebea kopo. Nikafurahi kusikia maneno hayo.

Sasa sikilizeni kosa lilikofanyika. Ramadhani ilipokaribia, Bi. Ramla alileta watu wa kupaka nyumba chokaa, kama ilivyo ada. Mimi nilikuwa Makunduchi msibani. Wapakaji hawakuitoa nje ile haidrenjia. Waliisukumia ukutani ili isiwasumbue, na wakapaka huku chokaa ikiidondokea. Walipomaliza, wakaoshea brashi zao hapo hapo ndooni, wakidhani wanaimwagilia. Niliporudi nilikwangua nilichoweza. Lakini lililokwisha kuingia limeingia.

Ilipochanua tena ilitoka rangi ya waridi, tena waridi wa kupauka pauka. Ikawa ni Ijumaa, mashoga wamekaa. Mmoja wao akalitazama lile ua, akavuta kahawa yake, akasema:

"Ramla, ua la mkweo limechuja."

Wakaangua kicheko. Kanga ya kuchuja kila mwanamke anaijua: unaipenda dukani, unaifua mara moja, rangi imekwenda na maji. Kuanzia Ijumaa ile Athumani akapata jina. Akawa "mkwe wa kuchuja". Walilisema barazani, wakalisema sokoni, na mmoja akalituma kwa sauti kwenye simu, kikundi kizima kikasikia.

Ijumaa moja Bi. Ramla akawaka moto. Akasimama mbele ya wote, akanyoosha kidole kwenye ndoo. "Wallahi laadhim," akasema, "ua hili lisiporudi rangi yake, huyo bwana haingii mlango huu!"

Hapo mimi nilikuwa nimechutama nakata mrehani, na mkasi ukanisimama mkononi. Maana siku chache nyuma Asya alikuwa amenipigia simu kunipa habari njema. Alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza mtu hurudi kwao, akajifungulie mikononi mwa mama yake. Athumani ndiye angemleta. Habari ya kiapo ilipomfikia alinipigia tena, analia. "Bi. Mize, kama mume wangu atasimamishwa njiani na mabegi, mimi siji. Ntazaa huku huku." Na mama yake hana mtoto mwengine. Kwa hiyo suala halikuwa tena ua. Suala lilikuwa kama mjukuu wa pekee wa nyumba ile atazaliwa chumbani kwa bibi yake au atakulia Lushoto akimjua bibi kwa picha.

Nikasema basi, hapa kuna kazi.

Na kazi ya haidrenjia ni hii, mwiandike mahali. Niliitoa kwenye ndoo, nikaosha mizizi, nikaipanda kwenye chungu kipya mbali na ukuta. Udongo niliutoa mashambani, ule mwekundu wa chini ya mikarafuu, nikauchanganya na majani yaliyooza. Niliiweka inapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa sababu ikifika saa sita hulegea majani kama mtu anayetaka kupepewa. Sikuipogoa, maana ua lijalo hukaa kwenye tawi la zamani, na mwenye pupa ya mkasi hukata ua ambalo bado hajaliona. Maji ya kisima sikuyatumia, nayo yana chokaa. Nilitumia maji ya kiyoyozi. Jirani kulikuwa na nyumba ya wageni, na viyoyozi vyake vilikuwa vikidondoka kutwa kichochoroni juu ya vichwa vya watu. Nikavitegea ndoo. Watalii walinipiga picha, sijui walidhani ni mila gani.

Kisha shabu. Unaiponda, unayeyusha kijiko kimoja cha chai katika ndoo ya maji, unamwagilia udongo ukiwa tayari umelowa, na unarudia baada ya wiki mbili. Ukizidisha, kingo za majani zinaungua. Nilikuwa nikifanya hivyo baada ya Adhuhuri, Bi. Ramla akiwa amejipumzisha. Aliponiuliza siku moja ninatia nini, nilimwambia mbolea. Ishara ikijulikana imetengenezwa si ishara tena, na kiapo kingebaki pale pale.

Shabu niliinunua Darajani, dukani kwa Bwana Nassor, muuza udi, ubani, hina na dawa za Kiswahili. Alikuwa mjane kama mimi, mtu wa maneno machache, anayefunga kila kitu katika karatasi kwa vidole vya taratibu kana kwamba anafunga zawadi. Alhamisi ya kwanza nilinunua kipande. Alhamisi ya pili nikarudi nikanunua kipande kingine. Na ya tatu. Nilijiambia shabu si kitu cha kununua kingi kikakaa, kitaingia unyevu na kuharibika. Kila nikija alikuwa akiniuliza habari za maua, nami nikimjibu, na aliniwekea kigoda.

Lakini nikaanza kuona wanawake wengine dukani wananyamaza ninapoingia. Nikaona hizi safari za kila wiki zinaleta maneno. Dawa ni kununua mara moja nikamaliza. Basi Alhamisi moja nikaingia, duka limejaa, nikasema kwa sauti ya mtu asiye na la kuficha:

"Bwana Nassor, leo nipimie kilo."

"Kilo ya nini, Bi. Mize?"

"Ya shabu."

Duka zima likatulia kama maji yaliyotiwa shabu. Bwana Nassor alipima. Akapima tena, kana kwamba mizani imemdanganya. Bibi mmoja nisiyemjua akanishika bega, akasema, "Hongera, mwanangu."

"Hongera ya nini?"

"Hongera tu," akasema, akatoka nje mbio, na kicheko nikakisikia mpaka ng'ambo ya barabara.

Kabla sijafika nyumbani simu ililia. Ni Rukia.

"Mama, unaolewa na hujatwambia?"

"Nani kasema?"

"Nshapigiwa na watu watatu! Kilo nzima, mama? Kilo?"

"Ni ya maua, Rukia."

"Haya, mama," akasema, kwa sauti ile mtu anayotumia kwa mgonjwa wa homa. "Ya maua."

Nilikuwa nina heshima mjini, vijana. Nilijenga jina langu kidogo kidogo, na jina hilo likaporomoka kwa kipimo kimoja cha mizani. Nililia usiku ule, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Lakini kilo nilikuwa nayo, na vitumba vya haidrenjia vilikuwa vinaanza kufumba ngumi zao za kijani.

Bi. Ramla aliniita wiki iliyofuata. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha uani, na nyuma yake kitumba cha kwanza kilikuwa kimefunguka kingo. Rangi ilikuwa bado haijaamua, lakini mimi niliiona: buluu ilikuwa inakuja.

"Mize!"

"Naam."

"Njoo ukae. Nnasikia unanunua shabu."

"Ndiyo, Bi. Ramla."

"Kwa kilo."

"Ndiyo."

"Ya nini?"

Nilimtazama yeye, nikalitazama lile ua nyuma yake. Nikisema ya ua, kiapo kimebaki, na Asya atazaa mbali. Njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya matope.

"Naolewa," nikasema.

"Alaa! Na nani?"

Hapo sikuwa nimejiandaa. Ulimwengu una wanaume wengi, na kichwani mwangu wote walitoweka akabaki mmoja, ameshika karatasi.

"Na Bwana Nassor."

"Nassor wa udi?"

"Huyo huyo."

Bi. Ramla akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo maana kilo," akasema. "Weye anakuuzia bei ya jumla."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimemposa mwanamume wa watu bila yeye kujua. Kuanzia siku hiyo Darajani sikupita. Nikihitaji hata chumvi nilizunguka mbali. Nilikuwa nikiomba mambo mawili tu: ua liwahi, na maneno yasimfikie Nassor.

La kwanza lilijibiwa. Haidrenjia ilichanua vichwa vitano, buluu, na kimoja kilichobaki na kiwaridi kidogo upande mmoja kama aliyekula tambuu. Bi. Ramla alisimama mbele yake asubuhi nzima. Kisha akachukua simu, nikamsikia mwenyewe: "Asya, mwanangu, ua limerudi. Njooni. Nyote wawili."

Walifika Ijumaa, saa ya mashoga. Nadhani Bi. Ramla aliichagua saa hiyo kusudi. Asya alitangulia, tumbo mbele, uso umechoka na safari. Nyuma yake Athumani alisimama kizingitini na mabegi mawili na kikapu cha mboga, hajui kama apite.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, baba, pita. Usisimame mlangoni kama mgeni."

Mashoga wakatazamana. Asya akamkumbatia mama yake, wakalia wote wawili, na mimi nilijifanya naokota majani makavu. Mambo yangelikwisha hapo, lau kama Athumani asingelikuwa mkulima. Lakini mkulima akiona mmea wake anauendea kabla hajakunywa maji. Alikiendea chungu, akachomeka kidole udongoni, akausugua, akauonja kwa ncha ya ulimi. Akageuka, anatabasamu kwa furaha ya kweli.

"Mama, nani kalitia shabu? Kafanya kazi nzuri kweli! Sisi kule hatuhitaji, udongo wetu unatosha."

Nikaomba ardhi ipasuke nitumbukie. Mashoga watano walinigeukia mimi, kwa pamoja, na niliwaona mmoja mmoja wanaelewa kilo ilikokwenda. Asya aliushika mkono wa mumewe. Yule bibi wa ile kanga ya kuchuja akafungua kinywa.

Bi. Ramla akamwahi.

"Mimi niliapa ua lirudi rangi yake," akasema. "Limerudi. Yuko aliyenisikia naapa lirudi kwa kitu gani? Aliyesikia aseme." Akamtazama kila mmoja. "Basi. Mkwe wangu, kaa unywe kahawa. Na kuanzia leo nikisikia neno kuchuja katika nyumba hii, mtu atakunywa kahawa kwao."

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, katika chumba cha juu kinachotazama uani. Msichana. Mimi nilikuwa chini na kopo langu niliposikia kilio chake, na Athumani akaketi palepale kwenye ngazi akajifunika uso kwa mikono. Nilimpa maji ya kunywa kwenye kopo langu la kumwagilia, tukacheka wote yalipomvujia kifuani.

Siku ya arubaini, wageni walipokwisha kuondoka, nilimfuata Bi. Ramla uani. Nilitaka kumwomba radhi kwa mbolea na kwa posa. Alikuwa na mjukuu mapajani.

"Nshakuona tangu siku ya kwanza," akanikatiza. "Maji ya kisima hiki nikiyatia shabu kabla weye hujazaliwa, ntaacha kuijua ikiyeyuka? Dirisha langu liko juu ya chungu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nkwambie nini? Nshaapa. Kafara ya kiapo kwa Mungu nnaijua, ni kulisha masikini. Kafara ya mashoga zangu iko wapi? Nilikaa pale dirishani nikiomba uijue kazi yako."

Nikamkumbuka Bwana Kombo na jicho lake la pili. Miezi yote ile nilikuwa nimekodoa macho yote mawili kwenye chungu, na mwenye nyumba alikuwa juu yangu dirishani, anataka ninachokitaka mimi.

"Na pale uliponiuliza shabu ya nini?"

"Nlitaka nijue utamtaja nani." Akamfunika mtoto vizuri, akacheka. "Ulipomtaja, nkampelekea salamu dada yake. Nassor keshajua siku nyingi. Anangojea upite Darajani, nawe unapita uchochoroni kama mwizi wa kuku."

Nilitaka kukana. Nilisema lile jina lilinitoka tu, kwamba nilikuwa nanunua kwa ajili ya ua, kwa ajili ya Asya, kwamba kipande kikubwa kingeingia unyevu.

"Mize," akasema Bi. Ramla, "nikikuona kwa macho yangu. Kijiko cha chai kwa ndoo, kila baada ya wiki mbili. Kipande cha kwanza kingelitosha mpaka likachanua. Alhamisi zote zile ulikuwa ukifuata nini? Shabu ni jiwe. Jiwe haliozi."

Nilibeba kopo langu nikaenda kumwagilia asumini iliyokuwa imeshamwagiliwa.

Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi na Nassor tuliozwa bila makeke, na kilo ile bado ina nusu yake katika mkebe juu ya kabati letu. Nassor akiuliza niliinunua ya nini, namwambia ya kutilia maua. Haamini mpaka leo. Haidrenjia nayo ilichanua waridi tena mwaka uliofuata, kwa sababu nyumba ilipakwa chokaa kwa ajili ya mtoto, na hapakuwa na aliyejali.

Kwa hiyo vijana wangu, mkipewa haidrenjia mjini, udongo wa mashamba, maji ya kiyoyozi, jua la asubuhi, na shabu kijiko kimoja cha chai kwa ndoo. Ukijikuta umerudi dukani kabla hiyo haijakwisha, usisingizie ua.